Damaris, Mnakili wa Sifa za Wenzake

Watu wa Wexcombe tuna maradhi mawili. Ya kwanza ni jongo, nayo huletwa na wageni wanaokuja kila kiangazi kunywa maji yetu ya chemchemi yanayonuka mayai viza. Ya pili ni mashairi, na hayo hayana dawa. Hapa kwetu bwana hawezi kumwona binti akishuka garini bila kukimbia nyumbani kuandika kwamba jua limechomoza. Binti akimpa kisogo, kesho yake jua lile lile lina meno mabovu na miguu ya bata. Ndivyo tulivyo. Mimi Keziah Pobjoy, mjane wa mtengeneza nywele za bandia, nimeyaona hayo tangu nikiwa mwari, na mpaka leo sijamwona hata mmoja aliyekufa kwa mapenzi. Waliokufa kwa bata bukini wa kuokwa nawajua watatu.

Na msidhani mashairi hayo huchapishwa. Toba! Kupiga chapa ni kazi ya wanaotafuta riziki. Waungwana huandika karatasini, hukunja, hupenyezeana mikononi. Yakizagaa huwekwa katika daftari kubwa dukani kwa Bwana Stubbins muuza vitabu, pale mezani, kila apitaye afungue, asome, anakili, acheke. Na kila bibi mwenye hadhi ana daftari lake la nyumbani la kuhifadhia sifa zake, lenye kufuli dogo ambalo ufunguo wake mji mzima unajua umewekwa wapi.

Sasa, mabibi hawa wanapenda kusifiwa, ila mwandiko wao ni nyayo za kuku. Hapo ndipo Damaris Pocock alipopatia riziki yake.

Damaris alikuwa binti wa marehemu mwuza dawa wetu, mtu aliyetibu kila mtu isipokuwa nafsi yake. Baba alipokufa, binti alibaki na chumba kimoja juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi, na mwandiko ambao hata Malaika Mkuu angeuonea wivu. Mabibi walimpelekea vikaratasi vyao vilivyokunjwakunjwa, naye akavinakili madaftarini, herufi zimesimama wima mithili ya askari wa mfalme. Kidole chake cha kati kilikuwa na doa la wino ambalo halikutoka hata kwa limau. Mwanamke huyo amepitisha mkononi mwake mawaridi na mishale ya mapenzi ya kutosha kujaza ghala, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

"Leo nimechoka, shoga," aliniambia siku moja. "Nimenakili mashavu ya waridi kumi na manne, yote ya mtu mmoja."

"Nani huyo?"

"Yule mwenye ndui."

Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Alikuwa mcheshi Damaris, ila ucheshi wake ulikuwa wa chini chini, hukuusikia mpaka umeshafika nyumbani.

Nilisema hakuna sifa hata moja iliyokuwa yake. Nimekosea, ilikuwepo moja. Na hapo sharti niwaeleze habari za mpangaji wangu, Bwana Barnabas Thrupp, kasisi msaidizi, mtu mwenye miguu mizuri na sauti nzuri na uvivu mzuri kuliko vyote. Alikaa chumba changu cha juu. Ndiye aliyekuwa akimbatiza, kumwozesha na kumzika kila mtu hapa, huku kasisi mwenyewe akila mshahara huko Bath. Mwaka wa kwanza tu alipofika, alimpenda Damaris, au alisema hivyo, akamwandikia shairi. Beti kumi na mbili. Siwezi kusema uongo, lilikuwa shairi zuri. Kulikuwa na mahali ambapo hata mimi, mwenye moyo wa jiwe la kusagia, nilipasikia:

*Kidole chake cha wino hakina haja ya pete;*
*dhahabu ni majivuno, kwa wengine naipite.*

Wakachumbiana. Na kweli kidole hakikuona pete, maana bwana alikuwa na pauni arobaini kwa mwaka na chumba kimoja kwa Keziah Pobjoy, na mke huwezi kumweka juu ya kabati. Ilibidi apate parokia yake mwenyewe, yenye nyumba na bustani. "Subiri kidogo, mpenzi," alisema. Damaris akasubiri. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoanza kusubiri. Mwaka ninaowasimulia sasa ni ule alipotimiza thelathini na minne.

Mimi ndiye niliyekuwa nafagia chumba cha Bwana Thrupp, na anayefagia huona. Kiangazi cha pili tangu wachumbiane, nililikuta shairi lile lile la kidole cha wino mezani, bichi, bado mchanga wa kukaushia uko juu yake. Nikafurahi, nikasema kumbe mapenzi bado moto. Nikasoma. Palipokuwa na Damaris pameandikwa Lavinia. Lavinia alikuwa binti wa jaji aliyekuja kunywa maji kwa wiki sita, na mezani kwa baba yake palikuwa na kila kitu ambacho Bwana Thrupp alipenda kula. Kiangazi kilichofuata akawa Sophronia. Mabinti hao wote walijidai wenye kalamu, kwa hiyo wino uliwakaa vizuri tu. Wakaondoka na shairi kwenye masanduku yao, mmoja Bristol, mmoja London, na hakuna aliyejua. Viangazi saba, mabinti saba. Bwana alikuwa na shairi moja tu maishani mwake, na alilitumia kama watu wanavyotumia sufuria.

Nilinyamaza. Najua mtaniuliza kwa nini, mwanamke mwenye mdomo mkubwa namna hii. Nilidhani ninaitunza ndoa ya shoga yangu. Mtu mjinga hajijui.

Basi mwaka huo, mwezi wa tano, kasisi mzee wa Nether Sallow akafa. Parokia nzuri: nyumba ya mawe, miti ya tufaha, na waumini viziwi. Mwenye haki ya kuchagua kasisi mpya alikuwa Bibi Honoria Marchbold, mjane, mwenye miaka sitini na mitatu, ila anakiri arobaini na saba tu. Makasisi wanane walianza kumzunguka bibi yule ghafla wakimwulizia hali yake. Naye, kwa kuwa alijua anachotafutwa, alitangaza kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi atafanya chai ya alasiri nyumbani kwake, na daftari lake jipya litasomwa mbele ya watu, na atafurahi kuona marafiki zake wamemkumbuka kwa mashairi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakainama wote wanane, na nywele zao za bandia zikagusa zulia.

Bwana Thrupp aliinama kuliko wote, ila kwa uvivu wake ule ule. Alikaa kitako siku moja kabla ya karatasi kukusanywa, akalitoa lile shairi lake la sufuria.

Bibi Marchbold alipeleka karatasi zote kwa Damaris azinakili kwenye daftari. Nilikuwepo, nimempelekea mkate wa moto na siagi. Alikuwa akifungua karatasi moja moja, akisoma kwa sauti ya kasisi mwenye mafua, tunacheka. Halafu akafungua moja, akaanza, akaikatiza, akanisukumia.

"Keziah, soma hii."

"Miwani sina, mwenzangu."

"Huna haja ya miwani. Rangi imekuruka usoni, unajua kilichomo."

Nikaichukua. *Honoria* kila mahali. Honoria na miguu ya paa, Honoria na shingo ya bata maji.

"Hii ya bibi kizee sikuijua," nikasema. "Naapa kwa kaburi la Pobjoy. Nilizijua za wageni tu."

"Wageni gani?"

Ndiyo hivyo tena. Mdomo ni jumba la maneno, na wangu haujawahi kuwa na mlango. Nikamtajia wote saba, kwa mpangilio, pamoja na walivyokula. Damaris hakulia. Laiti angelia, ningejua cha kufanya, ningemkumbatia. Alikaa tu akiutazama ule mwandiko, na kidole chake cha kati kilikuwa juu ya neno *kidole*.

Baadaye akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi.

"Mpumbavu huyu. Amesahau kuutoa."

"Kuutoa nini?"

"Wino. Tazama."

Nikatazama, na mimi pia nikaona. Bibi Marchbold hujigamba kila mahali kwamba mikono yake haijagusa wino tangu alipotia sahihi ndoa yake. Hata barua zake huandikwa na kijakazi wake. Tena ana pete kwenye vidole vinane. Sasa umsomee mbele ya mji mzima kwamba ana kidole kichafu na kwamba dhahabu ni majivuno! Angejua papo hapo kwamba amevishwa nguo ya mtu mwingine, tena ya mtu anayefanya kazi. Nether Sallow ingekwenda kwa mwingine kabla chai haijapoa.

"Nakili!" nikasema. Nilisimama kabisa, makombo yakaanguka. "Nakili kama ilivyo, herufi kwa herufi! Mwache azame, mwana wa shetani, na joho lake!"

"Akizama yeye, nazama na mimi."

"Damaris!"

"Usinipigie kelele, shoga. Nimengoja miaka kumi na mmoja. Sina baba, sina ndugu, macho yangu yameanza kuchoka, na mnakili kipofu hana kazi. Nataka nyumba yenye mlango wangu mwenyewe." Akavuta kalamu, akaichonga ncha. "Kama ni mwongo, basi awe mwongo mwenye bustani."

Nikakaa. Mimi nyumba ninayo.

Alifikiri kwa muda wa birika moja la chai. Halafu akaandika mstari mpya mahali pa ule wa kidole, papo hapo ndani ya daftari, bila kufuta kitu:

*Uzee kabisha hodi, ukamwona, ukarudi;*
*ukasema: Sina budi kungoja siku zaidi.*

"Hizi ni sifa au ni matusi?" nikamwuliza.

"Inategemea anayesoma ana kioo cha namna gani."

Alhamisi ikafika. Mimi nilikuwa pale kwa sababu keki za kisibiti nilioka mimi. Damaris aliwekewa kiti nyuma ya mlango, karibu na miavuli, kama inavyostahili kwa watu wenye akili. Bwana Stubbins akasoma daftari kwa sauti yake ya puani. Makasisi saba walisomwa wakapigiwa makofi ya adabu, yale ya vidole viwili. Likaja la Bwana Thrupp. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, mguu mmoja mbele, apate kuonekana.

Stubbins alipofika kwenye uzee na hodi yake, chumba kikaguna. Akaombwa arudie. Akarudia. Bibi Marchbold alilia mpaka poda ikafanya mifereji mashavuni, na uzee, uliokuwa umeambiwa ungoje, ukaonekana wote.

"Bwana Thrupp!" akasema. "Mstari huu! Umeutoa wapi?"

Bwana huyo alikuwa hajawahi kuusikia mstari ule maishani mwake. Akazungusha macho, yakafika nyuma ya mlango, kwenye kiti, kwa mwenye mwandiko. Akaelewa, si mjinga kiasi hicho. Na Damaris alikuwa akimtazama. Wala hakutaka atajwe. Alijua ya kwamba hawezi kutajwa. Kulikuwa na njia mia za kujibu. Angeweza kusema, "Sijui, Bibi, nilisaidiwa na Mungu," akainamisha kichwa upande ule.

Bwana Thrupp akaweka mkono kifuani.

"Ulinijia alfajiri, Bibi. Nikiwa nimepiga magoti."

Alfajiri! Mtu ambaye kwa miaka kumi na mmoja nimempelekea maji ya kunyolea saa nne asubuhi, na akanilaumu kwa kumwamsha mapema! Nusura nimtupie sinia. Lakini watu walishusha pumzi, na Bibi Marchbold akamtamkia parokia pale pale, mbele ya makasisi saba ambao ghafla waliona keki zangu ni kavu.

Tulirudi watatu kwa miguu, jua bado lipo. Nilijua sasa atasema siku ya harusi. Nikatembea nyuma kidogo, nikijifanya kiatu kinanibana.

"Damaris mpenzi," akasema, "ni mwaka mmoja tu sasa. Bibi hatapenda kasisi mpya aingie na mke siku ile ile. Ataona nilifuata nyumba."

"Mwaka mmoja."

"Au na nusu."

"Na mstari je, Barnabas?"

"Mstari gani? Ah! Ule. Ulinisaidia kidogo, ahsante. Ila siku nyingine uniambie mapema, nilikaribia kukwama."

Damaris akasema, "Ndiyo, nitakuambia mapema," akapanda ngazi zake. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliusikia mshindo ule tangu barabarani. Bwana yule alikuwa akitazama kivuli chake ukutani mwa kanisa.

Jumatatu, daftari kubwa la kwa Stubbins lilikuwa na shairi jipya. Kwa desturi yetu, mwenye kuandika dhihaka huandika kwa mkono wa kushoto, au huzipinda herufi, ili asijulikane. Shairi hili liliandikwa kwa mwandiko wima uliokuwa ndani ya daftari la kila bibi mjini, kila herufi na mkia wake. Jina halikuwekwa. La nini?

*Shairi lake ni moja, majina yake ni saba;*
*kila bibi anangoja, akidhani ni mahaba.*

Beti tisa, na majina yote saba ndani, na chakula cha kila nyumba. Kufikia adhuhuri lilikuwa limenakiliwa mara thelathini. Kufikia Jumatano wapagazi wa viti, wale wanaowabeba wageni kwenda chemchemini, walikuwa wanaliimba. Jumapili Bwana Thrupp alipanda mimbarini akafungua kinywa kusema "Wapendwa," na safu nzima ya nyuma ikapasuka kwa kicheko.

Nilikuwa na hofu, nawaambia kweli. Nilidhani Bibi Marchbold atamnyang'anya parokia, na shoga yangu amejichomea nyumba yake kwa mikono yake. Kumbe sikumjua Bibi Marchbold. Alicheka kuliko watu wote! Hesabu ilisema saba, na yeye hakuwemo.

"Maskini," alisema, "alikuwa anajifunza kwa hao mpaka akanifikia mimi." Lakini hakutaka kasisi wake aimbwe na wapagazi. Akamwita, akamwambia aoe kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, amwoe yule yule mchumba wa miaka yote, na maneno yataisha.

Basi akaja. Asubuhi, Jumanne, amevaa koti jeusi jipya. Aliniomba niwepo, kwa ajili ya heshima, nikaketi pembeni na soksi ninayofuma. Damaris alikuwa mezani, ananakili daftari la mke wa kanali.

"Damaris," akasema, "nimekusamehe."

"Umenisamehe."

"Ile ya kwa Stubbins. Kwa moyo mweupe. Na nimekuja kukuambia kwamba hakuna tena kungoja. Tutaoana mwezi wa tisa. Nimeiona nyumba. Mlango wa mbele ni wa kijani, na vyumba ni sita."

Soksi ilinisimama mkononi. Nikamwona Damaris ameshika ukingo wa meza kwa nguvu. Ndicho alichokitaka, wallahi, chote, kimekuja chenyewe mpaka mlangoni. Nami nilikuwa namwomba kimoyomoyo akubali, pamoja na chuki yangu yote juu ya yule mtu. Mwanamke hawezi kula tenzi.

"Nina swali moja," akasema. Sauti yake ilikuwa laini, haikuwa na hila. "Humu ndani tuko watatu tu, Barnabas. Sitaki uniseme kanisani wala kwa Bibi Marchbold. Niambie mimi tu. Ule mstari wa uzee, ni wa nani?"

Alikuwa anamrahisishia, mtoto angeona. Neno moja tu, na angepata mke aliye bora mara kumi kuliko alivyostahili.

Bwana Thrupp alinitazama mimi, akatazama dari. Nafikiri kufikia siku hiyo alikuwa ameshausimulia ule mstari katika nyumba nyingi mno, na alfajiri yake, na magoti yake. Akatabasamu kwa huruma, vile wanavyotabasamu wakizungumza na wagonjwa.

"Mpenzi, tusianze ndoa kwa mambo madogo. Shairi ni langu. Wewe ulinakili tu."

Damaris aliachia ukingo wa meza. Akachovya kalamu, akaikung'uta mdomoni mwa chupa, akatafuta mahali alipoishia kwenye karatasi ya mke wa kanali.

"Ukitoka ufunge mlango, Bwana Thrupp," akasema. "Upepo unanitawanyia karatasi."

Bwana Thrupp akasimama pale akingoja Damaris ainue uso. Mimi ndiye niliyeinuka nikamwonyesha mlango ulipo.